Paa Lililokataa Kupanda Nyumbani Kwangu

Niseme mapema, msinichoshe na maswali baadaye: nilitaka mtoto wangu alale ndani ya nyumba yangu. Basi. Sikutaka zawadi, sikutaka simu mpya, sikutaka picha za kuonyesha watu kanisani. Nilitaka alale kwangu hata usiku mmoja, nisikie mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta. Mwenye watu wengi nyumbani atanicheka. Aliyeishi peke yake Nakivale, kambi hii ya wakimbizi ya Uganda, miaka juu ya miaka, anajua kwamba kikohozi cha mtu mwingine si kitu kidogo.

Kwa hiyo nilijiandaa. Chumba changu cha pili huwa ni cha kazi, kimejaa paneli za sola za watu na betri zilizokufa. Nilitoa vyote, nikapaka udongo mweupe ukutani kwa mikono yangu. Nikanunua godoro zito, nikalibeba kichwani kutoka sokoni huku mawingu yananitisha. Nikatafuta kitanda cha kuazima, chandarua kipya na shuka la maua. Jirani yangu, mama mmoja wa kwetu mwenye ulimi, alisimama mlangoni akaangalia yote hayo, akauliza, "Mama, unaoa ao unaolewa?" Nikamwambia aende akaangalie sombe yake, yale majani ya muhogo, isiungue.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima anahangaika na shuka. Tulipokimbia Kivu ya Kusini, mimi nilibaki nyuma kumtafuta mume wangu. Mdogo wangu alitangulia na mtoto wangu, akavuka naye, na walipofika Nakivale akamwandikisha kama mtoto wake wa kumzaa, maana alisikia kwamba mtoto asiye na mama wanaweza kumpeleka kukaa kwingine. Alifanya vizuri, simlaumu. Mimi nilipofika, mume wangu nikiwa nimemwacha chini ya udongo, faili lao la kwenda ng'ambo lilikuwa limeshaanza kutembea. Wazee wa kanisa wakakaa na sisi. Wakasema, ukianza sasa kusema huyu ni wako, faili litasimama, na wote watatu mtabaki hapa. Mwache mtoto aende. Na ili asije akababaika mbele ya wale wenye kuuliza maswali, ikabidi azoee kuniita mama mkubwa, yaani dada mkubwa wa mama yake. Ni mimi niliyemfundisha, nikimsuka nywele. "Miye ni nani?" "Mama mukubwa." "Vizuri sana." Alikuwa bado ana meno ya utoto.

Akaondoka hivyo, akakua hivyo. Kila Jumapili baada ya ibada simu inalia, mdogo wangu anaongea, halafu anampa mtoto. "Jambo, mama mukubwa. Uko muzima?" Niko mzima. Na weye? Mzima. Halafu kimya, mpaka mdogo wangu achukue simu tena. Alipokuwa mkubwa alikalishwa chini akaambiwa ukweli wote, lakini ulimi ukishazoea njia hauiachi. Akaendelea kuniita vilevile, na mimi nikaendelea kuitika.

Mwaka huu akasema anakuja. Siku mbili kwangu, kisha arudi Kampala apande ndege.

Akaja na gari, peke yake, anaendesha mwenyewe. Gari lenyewe alilikodi Kampala, la Kijapani, nusu basi nusu chumba. Nyuma kuna jiko dogo la gesi na sinki. Viti vinageuka. Na juu, alinieleza, kuna paa ambalo ukibonyeza kitufe linapanda lenyewe kwa umeme, linakuwa hema la turubai, na mule ndani kuna kitanda. Njiani alikuwa ameshalala humo, karibu na mbuga ya wanyama, na paa halikumsumbua hata kidogo.

Aliposhuka nilimwona baba yake. Urefu uleule, mabega yaleyale, hata namna ya kufunga mlango kwa kiuno. Nikamkumbatia nikalia, na sikulia kidogo. Yeye alinipigapiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, akasubiri nimalize. Nilipomaliza akanipa kitambaa cha karatasi. Nikamwonyesha nyumba, nikamwonyesha chumba. Akasimama kwenye mlango, akaangalia godoro, akaangalia maua ya shuka, akasema, "Ni pazuri sana. Lakini nitalala mu gari, mama mukubwa. Sitaki kukusumbua."

Kunisumbua! Ee Yesu. Nilitaka kumuuliza, mtoto, unajua maana ya kusumbuliwa? Nisumbue basi! Amka usiku uombe maji, mwaga chai kwenye shuka, nisumbue mpaka nichoke. Lakini sikusema. Nikasema, "Hakuna shida," nikatoka nje haraka, nikajipa kazi.

Kazi niliyojipa ilikuwa ya mawe. Uwanja wangu una mteremko, na baba yangu mimi alikuwa dereva wa lori kwenye mlima wa Ngomo, barabara ambayo ukiangalia chini unatubu dhambi zako. Kule kwetu gari likisimama, kitu cha kwanza ni kale, kile kipande cha mti kinachowekwa nyuma ya gurudumu. Gari bila kale halijasimama, limepumzika tu. Breki ya mkono baba aliidharau. Alisema ni ya kuonyesha polisi, na ukiiacha imekazwa na mvua inanyesha, waya unashikana na kutu, asubuhi gari halitoki. Sisi watoto wake tulikunywa maneno hayo na maziwa. Sikuwa na mti, nikabeba mawe mawili makubwa, nikayakandamiza kwenye magurudumu ya nyuma, nikamwambia mtoto, "Shusha hiyo breki ya mukono. Itashikana. Huku tunatumia jiwe."

"Ndiyo, mama mukubwa." Akaishusha. Mtoto ana adabu, mdogo wangu alimlea vizuri.

Jioni ilipokaribia akasema afungue paa kabla ya giza. Akaingia, akawasha swichi ya ufunguo, akabonyeza kitufe. Majirani walikuwa wameshajaa uwanjani, wamesikia habari ya gari lenye ghorofa. Tukasimama wote vichwa juu. Akabonyeza tena. Hakuna kitu. Hata mlio wa panya haukusikika.

Nitakuwa mwongo nikisema nilihuzunika.  Nilisema ndani kwa ndani, Mungu wangu, umesikia. Paa likigoma, kitanda cha juu kinabaki kimefungiwa, na yeye hana pa kulala ila chumba changu. Nilishaanza kuwaza chai ya asubuhi, maziwa kiasi gani. Ndipo akatoa kichwa dirishani, akasema, "Mama anasemaka weye ni fundi."

Mama hapo ni mdogo wangu. Na ni kweli, mimi ni fundi. Nilijifunza umeme wa sola hapahapa kambini, darasa la wanawake, na tangu hapo natengeneza taa, redio, betri, chochote chenye waya mwekundu na mweusi. Watu wanatembea kutoka mbali kuleta vitu vyao kwangu. Sasa mtoto wangu ananiangalia, mara ya kwanza tangu afike ananiangalia kweli, na anachotaka ni nimfungulie paa ili asilale kwangu. Jamani! Ningefanya nini? Nikaenda kuchukua tesita yangu, ile mita ndogo ya kupima umeme.

Nikaanza na betri, maana ugonjwa wa umeme unauliziwa kwanza tumboni. Nikapima: ina nguvu, haina kasoro. Nikamwambia awashe injini, nikapima tena, ikapanda vizuri. Nikafungua sanduku la fyuzi chini ya usukani. Mfuniko wake umejaa maandishi ya Kijapani, kama kuku walitembea juu ya wino. Sikujua fyuzi ya paa ni ipi, kwa hiyo nilizitoa moja moja, nikazipima zote, nikazirudisha. Zote nzima. Nikafuata waya mpaka kwenye bawaba za paa, nikaupapasa kwa vidole nione kama umekatika unapojikunja. Mzima. Mwisho nikaweka sikio karibu na rilei, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye mota, nikamwambia abonyeze. Rilei ikiamriwa inalia "ta!" Hii haikulia. Sikuelewa. Umeme upo, njia ipo, lakini amri haifiki.

Mzee jirani, aliyewahi kuendesha mabasi Bujumbura, alikuwa ameegemea mlango na mikono nyuma. "Ni motere," akasema. "Motere imekufa."

"Motere haijafikiwa hata na umeme, itakufa vipi?" nikamjibu.

"Mimi nasema ni motere."

"Basi zika."

Watu wakacheka, na mtoto wangu naye akacheka, meno yote nje. Nilijisikia vizuri mno. Tukajaribu tena mpaka giza likaingia. Paa halikujibu. Nikafunga vyombo vyangu, nikasema kwa sauti ya huruma, sauti ya uongo kabisa, "Pole, mwanangu. Utalala tu ndani leo. Kesho tunaenda Mbarara, kuna karakana."

Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu. Alikula vizuri, akaosha sahani zake, akaniambia asante. Akaingia chumbani, nikasikia kitanda kinalia. Nililala chali nikimshukuru Mungu mpaka usingizi ukanichukua katikati ya sala.

Alfajiri nikaamka, nikasikiliza ukuta. Kimya. Nikasema amechoka, acha alale. Nikatoka nje kuwasha makaa, na hapo nikamwona. Alikuwa ndani ya gari, kwenye kiti cha mbele, amejikunja, koti juu ya kichwa, magoti yamegusa usukani. Kioo kimejaa ukungu wa pumzi zake. Nikarudi ndani nikatazama chumba. Shuka halikuvutwa. Katikati ya maua kulikuwa na alama ya mtu aliyelala juu ya kitanda na nguo zake, bila kukiingia, akasubiri mimi nilale, akatoka.

Nilikaa kwenye kile kitanda. Niliumia, siwezi kupamba. Mtu anachagua kulala amevunjika mgongo kuliko kulala kwako! Nikakasirika pia, nikamkasirikia mdogo wangu huko aliko, nikawakasirikia wazee wa kanisa, nusu yao wameshakufa. Halafu nikatoka tena, nikapita karibu na gari, na miguu yake ndiyo iliyonimaliza. Mtoto mrefu kama baba yake, miguu imekunjwa pale kama ya kuku kwenye kikapu cha sokoni. Hasira ikaniisha. Nikasema, leo hilo paa litapanda hata kama ni kwa meno yangu. Alale anapotaka, ila alale amenyooka.

Sikumwambia kwamba nimemwona. Nilipiga sufuria kwa kijiko kwa nguvu, ili apate muda wa kuamka na kujifanya ametoka kuchukua kitu garini. Akaja amebeba mswaki. "Uliamuka muzuri?" "Muzuri, mama mukubwa. Kitanda ni kizuri." Tukanywa chai.

Tukaondoka kwenda Mbarara. Nilitoa mawe, yeye akawasha. Njiani hatukuongea sana. Vumbi la Isingiro liliingia mpaka kwenye meno, migomba huku na huku, ng'ombe wenye pembe ndefu wanavuka bila haraka na sisi tunawangoja. Kabingo nilimnunulia ndizi za kuchoma, akala zake zote mbili na yangu moja. Nilitaka kumuuliza juu ya kitanda. Kila nikifungua mdomo natoa maneno mengine. Nikamuuliza kama kwao kuna vumbi. Akasema hakuna, kuna theluji. Nikasema theluji si mbaya, angalau haiingii kwenye meno. Akasema inaingia kwenye viatu.

Karakana ilikuwa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwenye uwanja wa saruji uliolala sawa na meza. Fundi ni Mnyankore, kijana mwenye ovaroli lililowahi kuwa la buluu. Nilimweleza yote: betri, fyuzi, rilei isiyolia. Alisikiliza vizuri, hakunidharau. Akaingia yeye kwenye gari, akalisogeza kidogo mpaka kivulini, akasimamisha, akavuta breki ya mkono bila hata kuiangalia, kama mtu anavyofuta mdomo baada ya kula. Akabonyeza kitufe.

"Ta!" ikasema rilei. Paa likapanda. Polepole, bila aibu yoyote, turubai likajikunjua, dirisha lake dogo la chandarua likafunguka kuelekea mjini.

"Nyabo," fundi akaniambia kwa heshima, "hii motoka iko mzima. Shida iko wapi?"

 Akalishusha, akalipandisha, akalishusha. Likamtii kila mara. Akakataa kuchukua kitu, akasema yeye hajafanya kazi. Mtoto wangu alifurahi, akapiga picha paa likiwa juu. Mimi nilisimama pembeni na tesita yangu mkononi, nimevunjika. Jana limegoma kwangu mbele ya watu wote, leo linacheza kwa mgeni. Hata gari, nikawaza. Hata gari lenyewe halitaki kuwa kwangu.

Tulizunguka mjini kidogo. Alinunua vitenge vya kumpelekea mdogo wangu, akaniuliza rangi gani mama yake atapenda. Nikamwambia kijani. Namjua, tangu mdogo alipenda kijani. Akachukua kijani.

Tukarudi jua likiwa limeanza kupoa. Akaegesha palepale pa jana, akavuta breki. Mimi, kwa mazoea, nikainama kuchukua jiwe langu, na yeye, kwa adabu ileile, bila kuambiwa, akapeleka mkono akashusha breki. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wake, jiwe nimelishikilia tumboni, na macho yangu yalikuwa kwenye dashibodi. Taa ndogo nyekundu ikazimika.

Miye ni mtu wa taa ndogo. Maisha yangu yote ya kazi ni taa ndogo, nyekundu ikiwaka hivi, ya kijani ikizimika vile. Na nikaikumbuka taa ile Nyamitanga, ikiwaka wakati paa linapanda. Nikaona kitu chote kwa mara moja. Wajapani hawana Ngomo. Waliotengeneza gari lile walisema: mtu asipokaza breki, gari halijasimama, na gari ambalo halijasimama lisifungue paa. Amri ilikuwa inakatiziwa kwenye breki. Fyuzi haikuwa na kosa, motere haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa jiwe langu na mdomo wangu, na baba yangu na mlima wake.

Nilibaki nimesimama na lile jiwe. Hapa nisikilizeni vizuri. Yeye hakujua. Alikuwa anakusanya vitenge vyake, hajaona kitu. Ningeweka jiwe chini, ningenyamaza, paa lingegoma tena, na ningesema, pole mwanangu, hivi vitu vya umeme vina vichwa vyao. Usiku wa mwisho. Pengine leo angekiingia kitanda, kwa sababu ya uchovu tu. Nilifikiri hivyo kabisa, siwezi kuficha. Nilihesabu hata mahali pa kuweka taa.

Lakini niliwaza miguu ile. Nikaweka jiwe chini, nikasema, "Vuta breki."

"Umesema nishushe—"

"Najua nilisema nini. Vuta. Sasa bonyeza."

"Ta!" Paa likapanda mbele ya nyumba yangu. Jirani yangu akapiga kigelegele kutoka kwenye sombe yake. Mzee wa Bujumbura akatoka ndani akasema, "Si niliwaambia ni motere?" Mtoto wangu akaruka chini, akanishika mikono yote miwili, akauliza nimejuaje. Nikamweleza habari ya taa nyekundu, na kale, na babu yake na Ngomo. Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, maana ni ya kuchekesha kweli, mtu kufunga paa la mgeni wake kwa jiwe la mapenzi. 

Tulipomaliza kula alipanda juu kwenye kitanda chake, na taa yake ndogo ikawaka ndani ya turubai. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Akaniita, "Mama mukubwa, panda uone." Nikakanyaga kiti, nikajivuta, magoti yakilalamika, nikaingiza kichwa na mabega halafu mwili wote. Mule ndani ni padogo. Mtu anaweza kulala, wawili wanaweza kukaa. Kwa dirisha la chandarua niliona bati la nyumba yangu mwenyewe. Sikuwahi kuiona kutoka juu.

"Usikasirike juu ya kile kitanda," akasema.

"Nani amekasirika?"

"Uso wako. Tangu asubuhi."

Kumbe alijua.  Akavuta magoti yake, akaongea akiangalia turubai.

"Ni kitanda kizuri. Nilijaribu. Lakini niliona umekitandikia ule mutoto. Ule mwenye aliondokaka hapa. Miye simukumbuki, mama mukubwa. Sikumbuki hata kitu kimoja. Nilikuwa nalala pale ninaona kama niko mu fasi ya mutu mwingine, na mwenyewe anaweza kuja wakati wowote."

 Nje makaa yalikuwa yanapasuka. Akageuza kichwa, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa analalaka namna gani?"

"Nani?"

"Ule mutoto."

Nikafungua mdomo kumjibu, kwa sababu mama anajua hayo, hayo ndiyo anayoyajua. Na hapakuwa na kitu. Nilitafuta. Nilipata nywele zake vidoleni, nilipata meno, nilipata gauni la njano lenye kifungo kimoja. Kulala sikupata. Usiku wa kwetu, kabla ya kukimbia, ulishafutika kichwani. Kwenye kukimbia hakuwa na mimi. Na hapa Nakivale, miezi yote ile kabla hawajaondoka, alikuwa analala kwenye hema la mdogo wangu, kwa sababu karatasi zilisema hivyo, na mimi nilikuwa nalala kwa wajane upande wa pili wa njia. Miaka yote hii nimewasimulia majirani juu ya mtoto wangu, na sikuwahi kujiuliza. Ningeweza kusema uongo. Ningesema alilala chali, ningesema aliongea usingizini, angeamini, angeubeba uongo huo mpaka kwenye theluji yake akauweka mahali pazuri.

"Sikumbuki," nikasema. "Hapa sikulala naye. Hata miye simukumbuki muzuri ule mutoto."

 Kisha akasema, "Basi tuko wawili."

"Tuko wawili."

Akazima taa yake, akajifunika blanketi. "Lala muzuri, mama mukubwa."

"Lala muzuri, mwanangu."

Lakini sikushuka mara moja. Nilikaa palepale, mgongo kwenye turubai, mpaka pumzi zake zikatulia na mwanga wa taa ya jirani ukanionyesha. Analala ubavu wa kushoto. Mkono mmoja anauweka chini ya shavu, mdomo unabaki wazi kidogo, na mguu wa juu anaunyoosha mpaka mwisho. Sasa mtu akiniuliza, najua.